Kuku Sita wa Wambura

Kijiji Kipya, Embu
6 Machi 1955

Mwanangu Lenah,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mkubwa Ngari, mwenye nguvu zangu zote na meno yangu yote isipokuwa mawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Meru, wewe na mume wako Kithinji, mkwe aliyelipa mahari bila kuvutwa shati. Mwambie wale mitamba wake bado nawakumbuka kwa rangi. Hapa sisi wazima. Igoki mjukuu wangu anatimiza miaka minne. Mama yake Wambura hajambo. Mume wake, mwanangu Njue, hayupo, na hilo unalijua. Mvua bado.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu karani wa hapa si mtu wa kwetu, na lazima asome kila barua kabla haijafungwa. Mimi hainisumbui. Kiswahili hiki nilikitoa Tanganyika kwenye vita vya Mjerumani, nimebeba masanduku ya risasi kichwani, wakati baba yake huyu karani hajajua kuvaa kaptula. Karani, kama umefika hapa, salamu.

Sasa neno lenyewe. Tulihamishwa na serikali, nyumba zimebanana, handaki limetuzunguka, na mnyama haruhusiwi kutembea ovyo. Kuna mwanamke jirani hapa ana kuku sita. Zamani kuku anatoka asubuhi anajitafutia, jioni anarudi, nani aliwahi kumpa kuku maji? Sasa wamefungiwa kwenye ua wa fito nyuma ya nyumba, na huyu mwanamke hajui awatilie chakula katika nini na maji katika nini. Ameniuliza mimi! Nikamwambia, mama, mimi ni mtu wa ng'ombe. Kuku ni wa wanawake na watoto, hata nyama yake sijaitia mdomoni tangu nilipotahiriwa. Lakini nikakumbuka kwamba wewe ulisomeshwa mambo hayo, na unafundisha wanawake wa chama huko. Basi tumwambie nini? Vyombo vilivyopo ni kibuyu kilichopasuka katikati, debe kuukuu, na lile hori langu la mti walilonywea ng'ombe, ambalo mtu mzima anaweza kulala ndani. Mimi nimesema hori.

Jibu upesi, huyu mwanamke ananisumbua.

Ni mimi,
Ngari wa Mbae


Gakoromone, Meru
2 Aprili 1955

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani wiki tatu, lakini ilifika, nashukuru Mungu. Sisi tunaendelea. Mahindi yamepandwa, baridi ni ile ile ya kwetu huku juu. Mama mkwe wangu Ntinyari anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyoimba siku ya mahari mpaka sauti ikakauka.

Nilitazama chini ya jina lako nikitafuta mstari wa Wambura. Hajawahi kukuacha utume barua bila yeye kuongeza neno lake hapo chini. Safari hii karatasi ilikuwa nyeupe. Mwambie nimeukosa mkono wake.

Sasa kuhusu kuku wa huyo mama. Hori lisitumike, Baba, tafadhali. Kuku ataingia na miguu, ataparua, atanyea chakula na maji, na wote watakula uchafu. Kifaranga akitumbukia hatoki. Kibuyu kitapinduka wakikikanyaga. Debe lililokatwa lina makali, litawachana shingo.

Kwa chakula, chukua mbao mbili, zipigilie misumari zikutane chini kama viganja vya mtu anayepokea. Urefu wa mkono wako unatosha kuku sita wakisimama pande mbili. Juu yake pitisha kijiti kinachozunguka chenyewe kwenye misumari. Kuku akijaribu kusimama juu yake, kinamwangusha, anajifunza. Usijaze, tia theluthi tu, maana wakikuta kimejaa wanamwaga kwa midomo. Kiinue juu ya mawe mpaka kiwe sawa na mgongo wa kuku.

Maji ndiyo makubwa zaidi. Yawepo mchana kutwa na yawe safi. Kopo kubwa linatobolewa tundu moja la msumari karibu na mdomo, linajazwa maji, linafunikwa kwa sahani ya bati yenye ukingo, halafu vyote vinapinduliwa pamoja. Tundu likae chini kuliko ukingo wa sahani. Maji yatatoka kidogo, yatasimama. Kuku akinywa, yanatoka mengine. Hayamwagiki wala hayachafuki, na najua huko kwenu maji ni ya taabu.

Wasalimie wote. Mwambie Wambura aandike.

Mwanao,
Lenah


Kijiji Kipya, Embu
19 Aprili 1955

Mwanangu Lenah,

Nimepata yako na nimeisoma mwenyewe, bila miwani. Salamu kwa Ntinyari. Mwambie sauti bado ipo. Kithinji hukumtaja hata mara moja, nikashangaa. Ni mgonjwa? Anafanya kazi gani siku hizi?

Hapa wazima. Mvua imenyesha mara mbili. Igoki amevimba miguu kidogo, na nywele zimekuwa nyekundu nyekundu. Dresa wa zahanati alimtazama akasema ni chakula, apate yai moja kila siku. Yai tu! Mimi nilidhani ataleta sindano. Kwa hiyo huyu mwanamke jirani ananipa mayai kwa ajili ya mtoto, ndiyo maana nashughulikia kuku wake. Usidhani ni kitu kingine.

Kihori cha chakula nilikitengeneza. Kijiti kinazunguka kweli. Jogoo wake ameanguka mara tatu, watu wakaja kuangalia, Wambeti wa nyumba ya pili akacheka mpaka akaketi chini. Mkono wangu haujasahau kazi.

Lakini mambo ya kopo na tundu, hayo ni ya kizungu. Maji nimewatilia katika hori. Tena siwapi kila siku. Wewe ulizaliwa kwetu kabla ya kuolewa kwenye mvua, umesahau? Ng'ombe wa nchi kavu anakunywa leo, kesho hapana, kesho kutwa anakunywa. Ndivyo anavyopata moyo. Mnyama anayekunywa kutwa ni mlegevu. Wanawake hapa wanatoka kuteka maji saa moja tu kwa siku, askari mbele na nyuma, siwezi kuomba debe la watu kwa ajili ya kuku. Na nimeongeza siri yangu majini, ile iliyofanya madume yangu yang'ae mpaka watu wakaja kutoka ng'ambo ya mto Thuci kuyatazama. Siri hiyo sikuambii, wewe ni mtoto wa kike.

Ni mimi,
Ngari wa Mbae


Gakoromone, Meru
20 Mei 1955

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sina salamu ndefu leo, basi linaondoka na dereva amekubali kubeba.

Ndani ya gunia hili kuna chombo cha maji. Kopo nililipata kwa fundi bati hapa sokoni, na sahani ni mpya. Usikikate wala kukichonga, kiko tayari. Tumekijaribu kwa kuku wangu siku kumi. Barua hii naitia ndani ya kopo isilowe.

Baba, hiyo siri yako naogopa kuijua. Kama ni ile ardhi ya munyu mliyokuwa mkilambisha ng'ombe, iondoe leo hii kabla hujamaliza kusoma. Kuku hawezi chumvi. Inamtia kiu isiyokwisha, anaharisha maji, anakaa na mdomo wazi, halafu anakufa. Na ukimpa maji siku moja na kumnyima siku ya pili, unamuua mara mbili. Kuku si ng'ombe. Hana tumbo la kuweka maji ya kesho. Akikosa maji siku moja anaacha kutaga, na inaweza kupita wiki nyingi bila yai.

Igoki anahitaji yai. Sikia hilo tu, mengine yote unikatalie.

Na Wambura yuko wapi?

Lenah


Kijiji Kipya, Embu
3 Julai 1955

Lenah,

Gunia lako lilikaa kituoni kwa askari wiki sita. Walilifungua, wakakizungusha kile chombo, mmoja akauliza kama ni bomu, mwingine akasema ni taa. Mimi niliitwa mara nne kueleza. Mara ya nne nikaitoa barua yako, nikakipindua mbele yao na maji, maji yakatoka kidogo yakasimama, na yule mkubwa wao akasema hebu rudia. Nilirudia.

Halafu karani akanipa karatasi ya ruhusa iliyokuja nacho, akacheka, akasema, "Mzee, kumbe una mtu wako mkubwa huko." Nikasoma. Kithinji, sajini wa gadi, hao hao wanaokwenda kusaka watu msituni. Muhuri wa gadi. Sahihi ya mkwe wangu.

Sasa najua kwa nini hukumtaja.

Unajua mwanangu Njue yuko wapi. Unajua nani anamtafuta. Na wewe unaniletea maji kwa mkono huo huo. Chombo nimekitundika ukutani, juu, mahali ambapo kuku hawafiki. Barua yako nimeirudisha humo ndani, sikuifungua na sitaifungua. Baba yako Kithaka angekuwa hai angefanya hivyo hivyo.

Mwambie huyo mume wako ng'ombe wa mahari nitawarudisha. Mitamba wote na dume, na watoto waliozaa. Nitawaswaga mwenyewe mpaka Meru, na wewe utarudi nyumbani.

Kuku wawili wamekufa. Ni ugonjwa tu. Ninao uwezo wa kuwatibu, nimewaongezea dawa yangu.

Ngari


Gakoromone, Meru
30 Julai 1955

Baba Mkubwa,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea.

Naiandika kwanza ile uliyokataa kuifungua, na naiandika juu kabisa ili uione kabla hujaikunja. Munyu unaua kuku. Dawa yako ndiyo ugonjwa. Mwaga maji yaliyo kwenye hori. Wape maji matupu, kila siku, mchana kutwa. Nimemaliza hilo.

Sasa la pili. Kithinji aliandikwa gadi mwezi wa nane mwaka jana. Walikuja watu nyumbani wakamwambia achague, aingie yeye, ama nyumba ichomwe, na mama yake asipewe mahali pa kukaa kijijini. Akaingia. Sikukuambia kwa sababu nakujua. Usiku halali vizuri na mchana hasemi. Mimi sikuombi umpende.

La tatu ndilo gumu. Nilijua tangu mwezi wa nne kwamba hao kuku si wa jirani. Kithinji aliliona jina la Wambura kwenye orodha ya wanawake waliopelekwa kambini kwa kuwapelekea chakula watu wa msituni. Akarudi nyumbani akaniambia, halafu akaniomba msumari. Tundu la lile kopo alilitoboa yeye. Alilipima kwa ukucha mara mbili ili lisimwage maji ya wanawake wa kwenu. Na alipoitia sahihi ile karatasi alijua anatuma mzigo kwenye nyumba ya mtu wa msituni, na sajini anaweza kufungwa kwa hilo.

Ukitaka kunirudisha nyumbani, nirudishe. Lakini kwanza shusha kopo.

Mwanao,
Lenah


Kijiji Kipya, Embu
11 Septemba 1955

Mwanangu Lenah,

Nakusalimu. Nimekaa na barua yako siku ishirini na tano. Nataka nikueleze mambo kama yalivyokuwa, na karani akitaka kusoma asome, nimechoka kumwandikia yeye.

Wambura alichukuliwa tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, asubuhi, akiwa anawatupia kuku makombo. Hakulia. Alinipa mtoto mkononi, akawaonyesha kuku kwa kidole mmoja mmoja, akasema, "Baba, ninawaacha sita. Mtoto ale mayai. Nikirudi nitawahesabu." Lori likaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto mkono huu na kuku miguuni, mtu aliyekuwa na ng'ombe arobaini. Nikaona haya. Ndiyo maana nikakuandikia kuhusu jirani.

Na hao ng'ombe. Nilikuwa nao arobaini na mmoja. Walichukuliwa wote siku Njue alipojulikana hayupo, mwaka jana. Mitamba wako walikuwa humo. Kilichobaki ni hori, na mfuko wa munyu wangu. Ulikuwa umening'inia darini, nikawa nauvuta nikiusikia harufu. Nilipowatilia kuku munyu nilikuwa naona ng'ombe wangu. Nilijua ninafanya kitu ninachokijua. Unanielewa? Katika kijiji hiki chote hakuna kitu kingine ninachokijua.

Barua yako ilifika siku ya Jumatano. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemkuta kuku wa tatu amelala ubavu ndani ya hori, mdomo umo majini. Hapakuwa na yai tangu mwisho wa mwezi wa sita. Igoki alikuwa hasimami. Uso wake ulikuwa mviringo kama wa mtoto aliyeshiba, na ukibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Nilikuwa nimemwambia Wambeti mtoto ananenepa. Wambeti alinitazama akasema, "Mzee Ngari, wewe ulisoma Tanganyika, lakini huyu mtoto hajanenepa. Huyu mtoto anakufa, na wewe unatunza hori." Mbele ya watu. Nikaingia ndani na barua yako.

Niliisoma ile ya juu. Kisha nikapanda juu ya kigoda nikashusha kopo, nikatoa na ile barua ya mwezi wa tano. Umeandika humo, iondoe leo hii kabla hujamaliza kusoma. Nikahesabu. Siku niliyolitundika kopo kuku walikuwa wanne. Yule aliyekufa asubuhi hiyo alikufa kwa sababu yangu, si kwa sababu ya kituo wala ya basi.

Nilikwenda kwa Wambeti nikamwomba maji. Mimi. Akanijazia kopo, akanishikia sahani nilipokuwa napindua. Tukaliweka uani. Kuku mmoja akaja akainamisha kichwa, akanyanyua shingo juu, akainama tena. Alikunywa mpaka nikasahau kuondoka. Kiputo kidogo kikawa kinapanda ndani ya kopo, nakisikia, gudu, gudu, kila wakinywa. Munyu niliutupa handakini. Hori nimelipasua, Wambeti amepikia kuni zake, na mayai ya kuku wake yeye ndiyo aliyokula Igoki karibu mwezi mzima, moja asubuhi, bila mimi kuomba. Tulikuwa hatujasalimiana na huyo mama tangu tuhamishwe hapa, kwa sababu ya ugomvi wa mahali pa kujenga.

Kuku wamebaki watatu, jogoo na majike wawili. Jana jike mmoja ametaga. Yai ni dogo.

Sina ng'ombe wa kumrudishia Kithinji. Kaa huko uliko.

Baba yako mkubwa,
Ngari


Gakoromone, Meru
8 Oktoba 1955

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ng'ombe usitutumie. Tutumie habari za mayai.

Chemsha yai mpaka ligande, umpondee mtoto na kiazi, asile bichi. Sahani ya maji ioshwe kila asubuhi kwa majivu. Ganda la yai liponde kabisa uwarudishie kuku, litawasaidia kutaga.

Barua yako niliisoma kwa sauti jioni. Sikuruka pahali. Kithinji alisikiliza akiwa amegeukia mlango. Nilipofika pale kopo linaposema gudu, gudu, akauliza, "Halimwagi pembeni?" Basi. Nami nakuuliza hivyo hivyo kwa niaba yake.

Lenah


Kijiji Kipya, Embu
22 Januari 1956

Mwanangu Lenah,

Salamu zangu kwako, na kwa Ntinyari, na kwa wa nyumba yako wote. Nimesema wote.

Mtama umekomaa. Njue bado hayupo na hakuna neno. Igoki anakimbia. Mguu wake ukiubonyeza unarudi, mimi naubonyeza kila asubuhi mpaka ananipiga. Anajua kupindua kopo peke yake bila kumwaga tone, na watoto wengine wanamlipa vipande vya miwa ili wamtazame. Nyumba saba hapa sasa zina makopo kama lile. Nilitoboa mimi. Karani mwenyewe amekuja na kopo lake, nikamwambia akae foleni. Mtu akiuliza nilijifunzia wapi, zamani ningesema Tanganyika.

Juzi lori liliwashusha wanawake watano langoni. Wambura ni wa tatu kushuka. Amekonda, na mkono mmoja haunyooki vizuri. Sikuenda kumpokea. Nilikaa uani karibu na kuku, kwa sababu nilitaka nikutwe pale. Akaingia, akamshika mtoto kichwa, akamgeuza huku na huku, akamwinua miguu akaitazama. Kisha akaja uani akasimama. Nikamwambia yote niliyokuambia wewe. Munyu nilisema. Ukutani nilisema. Nilisema na mkono uliotoboa tundu ni wa nani, ili asije akalisikia kwa watu. Akalitazama kopo, Lenah. Nilifikiri atalipiga kopo teke, na ningemwacha. Akachuchumaa, akaliinua, akalitikisa kusikia kama yamo maji, akalirudisha sawasawa.

Hajaniambia neno lolote mpaka leo. Anapika, tunakula.

Mwambie Kithinji kopo halimwagi pembeni.

Sasa nilikuwa nakunja karatasi, na kuna mtu hapa ameninyang'anya kalamu.

Ngari wa Mbae

Lenah, kuku ni watatu. Mtoto ni mmoja. Nimewahesabu wote.
Wambura